Baridi pekee haiondoi ukinzani wa utando wa metali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nisahihishe madai mawili yaliyokuwamo katika makala yenu ya sayansi kuhusu umeme na baridi kali. Dai la kwanza lilisema kwamba kila metali ikipozwa vya kutosha hupoteza ukinzani wake wote na kuuacha umeme upite bila kizuizi. Dai la pili, ambalo mwandishi aliligusia tu, lilisema kwamba utando wa metali wenye unene wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) hufuata kanuni zile zile za waya mnene, ila umbo lake ndilo lililopungua. Makala yenyewe ilisomeka vizuri, na nafurahi kuona gazeti likitenga ukurasa kwa mambo ya namna hii. Hata hivyo, madai hayo mawili si ya kweli, na la pili linapotosha zaidi kuliko la kwanza, kwa kuwa linamnyima msomaji sehemu yenye mvuto mkubwa kuliko zote katika somo hili. Katika tando, ukinzani unaweza kushuka, kutulia, kupanda taratibu, au kupanda hadi metali ikawa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Na mara nyingi kinachoamua ni unene wa utando na jinsi atomi zake zilivyojipanga, kuliko ukali wa baridi yenyewe.

Nianze na historia, kwa kuwa hata jaribio ambalo makala ililitolea ushahidi linasema kinyume. Heike Kamerlingh Onnes alifaulu kuigeuza heliamu kuwa majimaji mjini Leiden, Uholanzi, tarehe 10 Julai 1908, na tangu siku hiyo akawa na njia ya kupoza vitu hadi karibu na kelvini 4, yaani nyuzi 269 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Wakati huo wataalamu walikuwa wamegawanyika. Wapo waliotarajia kwamba ukinzani wa metali ungeendelea kushuka hadi uishe. Wapo waliodhani ungeshuka kisha ukasimama mahali. Na Lord Kelvin aliona kwamba elektroni zenyewe zingeganda, na ukinzani ungepanda bila kikomo. Onnes alianza na platini na dhahabu. Alikuta ukinzani ukishuka, kisha ukitulia kwenye kiwango ambacho hakikutegemea tena halijoto bali usafi wa sampuli: kadiri dhahabu ilivyokuwa safi zaidi, ndivyo kiwango hicho kilivyokuwa chini zaidi. Alihamia kwenye zebaki kwa sababu inaweza kukenekwa mara nyingi hadi ikawa safi mno, na mwaka 1911 ndipo yeye na wasaidizi wake walipoona ukinzani wa zebaki ukitoweka ghafla kwenye kelvini 4.2. Makala yenu iliisimulia zebaki ikaiacha dhahabu.

Zaidi ya karne imepita, na shaba, fedha na dhahabu, ambazo ndizo zinazopitisha umeme vizuri kuliko metali nyingine katika halijoto ya kawaida, hazijapata kuonekana zikiwa supakondakta, yaani zikiwa hazina ukinzani wowote, hata zilipopozwa hadi sehemu ndogo sana ya kelvini moja. Jambo hili lina sababu. Nadharia ya John Bardeen, Leon Cooper na John Robert Schrieffer ya mwaka 1957 ilionyesha kwamba elektroni huungana jozi jozi kwa msaada wa mitetemo ya atomi. Metali ambayo elektroni zake hazisumbuliwi sana na mitetemo hiyo hupitisha umeme vizuri penye joto, na kwa sababu hiyo hiyo hukosa kitu cha kuziunganisha elektroni zake penye baridi.

Sasa nije kwenye tando zenyewe. Elektroni inayosafiri ndani ya metali huenda umbali fulani, kisha hugonga kitu na kubadili mwelekeo. Katika shaba iliyo kwenye halijoto ya chumba, umbali huo ni wastani wa nanomita 40 hivi, na kinachoikwaza elektroni zaidi ni mitetemo ya atomi. Baridi huituliza mitetemo hiyo, na umbali huongezeka. Chukua shaba safi ambayo ukinzani wake hupungua mara elfu moja inapozamishwa katika heliamu majimaji: umbali wa wastani kati ya mgongano mmoja na mwingine hufikia takriban maikromita 40. Katika waya wa milimita moja hapana tatizo, kwa kuwa waya huo bado ni mnene mara ishirini na tano kuliko umbali huo. Lakini katika utando wa nanomita 100 uliowekwa juu ya kipande cha kioo, safari ambayo elektroni ingeweza kuifanya inazidi unene wa utando mara mia nne. Isipokuwa zile chache zinazokwenda sambamba na utando, elektroni huishia kugonga uso wa juu au wa chini muda mrefu kabla ya kuimaliza safari hiyo, na uso usio laini huzitawanya kila upande. Baridi ile ile iliyoushusha ukinzani wa waya mara elfu moja hushusha ukinzani wa utando huo mara chache tu.

J. J. Thomson, mgunduzi wa elektroni, aliliona jambo hili mapema, mwaka 1901. Hesabu yake kamili ilifanywa na Klaus Fuchs mwaka 1938. Na wasomaji wanaolikumbuka jina hilo hawakosei, kwani ni Fuchs huyo huyo aliyehukumiwa nchini Uingereza mwaka 1950 kwa kuupa Muungano wa Kisovieti siri za bomu la atomiki. Ernst Sondheimer aliipanua kazi hiyo mwaka 1952. Leo wanaotengeneza nyaya za shaba ndani ya chipu za kompyuta, ambazo upana wake umekwisha kushuka chini ya nanomita 40, hukutana na tatizo hilo hilo bila kupoza kitu chochote.

Kuna kipimo kimoja ambacho makala haikukigusa, na pasipo kipimo hicho yanayofuata hayaeleweki. Ukinzani wa waya hutegemea urefu na unene wake, ndiyo maana mtu hawezi kutaja ukinzani wa kipande cha shaba kabla ya kuambiwa ni kipande kipi. Utando una tabia ya pekee. Kata mraba kutoka katika utando, pitisha mkondo kutoka ubavu mmoja hadi ubavu wa pili unaouelekea, kisha upime ukinzani. Halafu kata mraba mwingine ambao ubavu wake ni mrefu mara kumi. Sasa mkondo una njia ndefu mara kumi, jambo linaloongeza ukinzani mara kumi. Lakini njia hiyo ni pana mara kumi pia, jambo linaloupunguza mara kumi. Jibu halibadiliki hata kidogo. Mraba wa milimita moja na mraba wa kilomita moja, ikiwa yote ni ya utando mmoja, ina ukinzani mmoja. Kwa hiyo utando hupewa namba moja tu, inayotajwa kwa omu (kizio cha ukinzani) kwa mraba, na namba hiyo hupatikana kwa kuugawanya ukinzani mahususi wa metali kwa unene wa utando. Shaba ya nanomita 100 kwenye halijoto ya chumba, tukiuacha kando mchango wa uso, ina omu 0.17 kwa mraba. Ya nanomita 10 ingekuwa na omu 1.7.

Faida ya namba hii ni kwamba inaweza kulinganishwa moja kwa moja na kiasi kilichomo katika maumbile yenyewe. Igawanye namba ya Planck, iliyo ya msingi katika fizikia ya kwanta, kwa chaji ya elektroni iliyozidishwa kwa yenyewe, unapata omu 25,812.8, kiasi kile kile alichokikuta Klaus von Klitzing mwaka 1980 katika majaribio yaliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Katika hesabu hiyo haikutajwa metali yoyote, wala unene, wala halijoto. Utando wenye omu chache kwa mraba uko chini sana ya kiasi hicho, nao huenenda kama metali. Utando wenye maelfu ya omu kwa mraba umekikaribia, na huko ndiko kanuni za waya zinakoishia.

Mwaka 1979 wanafizikia wanne, Elihu Abrahams, Philip Anderson, Donald Licciardello na T. V. Ramakrishnan, walichapisha hoja fupi iliyowashtua wengi. Walisema kwamba, tukiuacha kando msukumano wa elektroni zenyewe kwa zenyewe, kitu chenye vipimo viwili tu hakiwezi kuwa metali ya kweli kwenye sifuri halisi, yaani kelvini 0, baridi isiyoweza kupitwa. Hata vurugu ya atomi iwe ndogo kiasi gani, utando ukiwa mpana vya kutosha na baridi vya kutosha, ukinzani wake utapanda, na mwishowe utando utakuwa kihami. Sababu ni kwamba elektroni ina tabia ya wimbi. Inapotawanywa huku na huku na atomi zilizokaa ovyo, zipo njia zinazoizungusha na kuirudisha pale ilipoanzia, na kila njia ya namna hiyo inaweza kufuatwa kwa pande mbili, kama watu wawili wanaokizunguka kilima kimoja, mmoja akishika kulia na mwingine kushoto. Mawimbi ya pande hizo mbili yamesafiri umbali ule ule hasa. Kwa hiyo yanapokutana pale yalipoanzia hujumlishana badala ya kufutana, na uwezekano wa elektroni kurudi ilikotoka huwa mara mbili ya ule unaotokana na hesabu ya kawaida. Elektroni inayorudi ilikotoka haiupeleki mkondo mbele. Penye joto, mitetemo ya atomi huyavuruga mawimbi kabla mzunguko haujakamilika, na athari hii haionekani. Penye baridi, mizunguko mirefu zaidi na zaidi hupata nafasi ya kukamilika. Ni baridi, basi, inayoupandisha ukinzani, jambo ambalo kwa mtu aliyeisoma makala yenu peke yake lingeonekana kuwa haliwezekani.

Mwaka huo huo G. J. Dolan na D. D. Osheroff wa Bell Labs, Marekani, walipima tando nyembamba za mchanganyiko wa dhahabu na paladi, wakaukuta ukinzani ukipanda kwa kufuata logi ya halijoto, kama nadharia ilivyotaka. Kufuata logi maana yake ni kwamba kila halijoto inapogawanywa kwa kumi, ukinzani huongezeka kwa kiasi kile kile: kushuka kutoka kelvini 10 hadi 1 kuna uzito sawa na kushuka kutoka kelvini 1 hadi 0.1. Ongezeko lenyewe ni dogo. Kwa utando wenye omu 1,000 kwa mraba, kila hatua ya namna hiyo huongeza asilimia chache. Kwa utando wenye omu 10 kwa mraba, huongeza sehemu chache tu za elfu kumi. Ndiyo maana athari hii ilikaa muda mrefu bila kutambuliwa, ingawa ilikuwamo ndani ya vyombo vya watu wengi.

Hapa mtu makini atauliza kama kupanda huko hakuwezi kuwa na chanzo kingine, na swali hilo ni la haki. Mwaka 1980 Boris Altshuler, Arkady Aronov na Patrick Lee walionyesha kwamba msukumano wa elektroni katika utando wenye vurugu huleta logi ile ile. Kabla yao, mwaka 1964, Jun Kondo alikuwa amekwisha kueleza jinsi atomi chache za chuma au nyingine zenye usumaku, zikijipenyeza katika dhahabu, zinavyoupandisha ukinzani wake karibu na sifuri halisi. Na huko Leiden hali hiyo ilikuwa imeonekana katika waya wa dhahabu tangu miaka ya 1930. Kinachosaidia kuvitenganisha vyanzo hivi ni uga wa sumaku. Uga mdogo unaosimama wima juu ya utando huvunja usawa wa pande mbili za mzunguko nilioueleza, na ukinzani hushuka. Gerd Bergmann aliutumia ujanja huo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa tando za magnesi. Alipoongeza juu yake dhahabu isiyotosha hata safu moja ya atomi, mambo yaligeuka: uga ukawa unaupandisha ukinzani badala ya kuushusha, kwa sababu atomi nzito za dhahabu huigeuza njiani spini ya elektroni, yaani usumaku wake mdogo wa asili. Nalihesabu jaribio hilo kuwa miongoni mwa yale mazuri kabisa katika fizikia ya tando, kwa kuwa kitu kidogo kiasi hicho kiliigeuza alama ya jibu kutoka hasi kuwa chanya.

Hayo ni ya metali zisizogeuka kuwa supakondakta. Zile zinazogeuka zina mambo yake, na mfano bora ni bismuthi. Mwaka 1954, huko Göttingen, Werner Buckel na Rudolf Hilsch waliuelekeza mvuke wa bismuthi kwenye bamba lililopozwa kwa heliamu majimaji. Kila atomi ilinasa pale ilipoangukia, isipate nafasi ya kusogea na kujipanga, na utando uliopatikana haukuwa na fuwele, yaani atomi zilizojipanga kwa utaratibu. Utando huo uligeuka supakondakta kwenye kelvini 6 hivi. Ulipopashwa joto, atomi zilijipanga kuwa fuwele na hali hiyo ikatoweka. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba fuwele ya bismuthi haiwezi kabisa kuwa supakondakta, mpaka mwaka 2016 watafiti wa Tata Institute nchini India walipotangaza kwamba inaweza, lakini chini ya milikelvini 0.53 tu. Metali ni moja na atomi ni zile zile. Mpangilio peke yake umeitenganisha halijoto moja na nyingine kwa zaidi ya mara elfu kumi.

Jaribio ambalo ningependa wasomaji walione kwa karibu ni lile la David Haviland, Ying Liu na Allen Goldman wa Chuo Kikuu cha Minnesota, lililochapishwa mwaka 1989. Tatizo la kulinganisha tando za unene tofauti ni kwamba kila utando una historia yake: bamba jingine, hewa nyingine iliyougusa, uchafu mwingine. Wao walikwepa hayo yote kwa kutengeneza utando ndani ya chombo kile kile cha kupozea, katika ombwe kali, na kuupima bila kuutoa. Kwanza waliweka safu nyembamba ya jerimani isiyo na fuwele, ili atomi za bismuthi zisikusanyike kuwa visiwa vinavyoachana. Kisha, bamba likiwa bado baridi, wakafungua mvuke wa bismuthi kwa muda mfupi, wakaufunga, wakapima ukinzani kutoka halijoto ya juu hadi ya chini; wakaongeza bismuthi kidogo tena juu ya utando ule ule, wakapima tena; na hivyo hivyo, kuanzia unene usiofika nusu ya nanomita hadi unaozidi nanomita 7. Kilichobadilika ni unene, mengine yakabaki kama yalivyo.

Matokeo yao yakichorwa hutoa mistari inayofunguka pande mbili. Tando nyembamba kabisa hupanda ukinzani kadiri zinavyopozwa, na mistari yake huelekea juu kama ya kihami chochote. Tando nene hushuka hadi sifuri, zile nene zaidi zikifika huko mapema zaidi. Katikati kuna mstari unaokaribia kulala, nao uko karibu na omu 6,450 kwa mraba. Nyongeza ya bismuthi iliyopungua safu moja ya atomi ilitosha kuuhamisha utando kutoka upande mmoja hadi wa pili. Halijoto ni zile zile, metali ni ile ile, chombo ni kile kile, na ubaridi ule ule ulioufanya utando mmoja usiwe na ukinzani wowote uliufanya jirani yake uwe kihami. Sielewi ni vipi dai la makala yenu lingeweza kusimama mbele ya mchoro huo.

Namba hiyo ya 6,450 ilizua mjadala mkubwa. Jozi ya elektroni ina chaji mara mbili ya elektroni moja, na kwa kuwa chaji huzidishwa kwa yenyewe, omu 25,812.8 hugawanywa kwa nne na kuwa 6,453. Mwaka 1990 Matthew Fisher na wenzake walijenga hoja kwamba kwenye mpaka wenyewe ukinzani wa mraba unapaswa kuwa na thamani moja kwa tando zote za jamii moja, bila kujali metali. Hoja ni nzuri, lakini majaribio yaliyofuata kwa tando nyingine yamekuta mpaka kwenye thamani zinazotofautiana, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa, na mimi niko upande wa wanaoona kwamba 6,453 ni alama ya njiani tu.

Lililo thabiti zaidi, na ambalo kwangu ni la kushangaza kuliko namba hiyo, ni kwamba jozi zinaweza kuwapo hata upande wa kihami. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walitengeneza tando za bismuthi zenye matundu madogo yaliyopangwa kwa utaratibu, na mwaka 2007 wakaonyesha kwamba, ingawa utando ulikuwa kihami, ukinzani wake ulipanda na kushuka kwa mapigo sawa kadiri uga wa sumaku ulivyoongezwa. Kiasi cha uga kilichotenganisha pigo moja na jingine kililingana na chaji ya elektroni mbili zinazokwenda pamoja. Jozi zimekwisha kuundwa, ila kila moja imekwama mahali pake. Kuungana kwa elektroni na kutoweka kwa ukinzani ni mambo mawili, na katika utando mwembamba la kwanza linaweza kutokea bila la pili.

Hata pale ukinzani unapofika sifuri, utando haufanyi hivyo kwa ghafla kama zebaki ya Leiden. Ndani yake huzaliwa mizunguko midogo ya mkondo, mmoja ukielekea kulia na mwenzake kushoto. Penye baridi ya kutosha mizunguko hiyo hushikana miwili miwili na haisumbui, na juu ya halijoto fulani huachana, ikatembea na kuleta ukinzani. Nadharia ya jambo hili ilitokana na kazi za Vadim Berezinskii, na za Michael Kosterlitz na David Thouless, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hao wawili wa mwisho walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2016.

Niongeze neno kuhusu upimaji, kwa sababu makala iliueleza kana kwamba ni kuchomeka nyaya mbili na kusoma namba. Nyaya mbili hazitoshi: ukinzani wa maungio yenyewe unaweza kuwa mkubwa kuliko wa utando. Hutumika nyaya nne, mbili za kuleta mkondo na mbili za kusoma volteji, ili maungio yasiingie katika hesabu. Mkondo nao lazima uwe mdogo mno. Nanoampea moja ikipita katika omu 10,000 huacha wati moja tu iliyogawanywa kwa trilioni mia moja. Hata hivyo karibu na sifuri halisi joto hilo si la kupuuzwa, kwa kuwa huko elektroni hupata shida kubwa kuzipa atomi joto lake, na zinaweza kuwa na halijoto ya juu kuliko bamba zilimo. Kipimajoto kilichofungwa kwenye bamba kitaonyesha milikelvini 20 wakati elektroni ziko kwenye 100. Mawimbi ya redio yanayoingia kupitia nyaya za vipimo huleta madhara hayo hayo. Kwa miaka mingi baadhi ya tando zilionekana zikiacha kushuka njiani, ukinzani wake ukitulia juu ya sifuri, na wataalamu wakaanza kuzizungumzia kama metali ya aina mpya. Mwaka 2019 kundi moja lilichapisha vipimo vya tando mbili za namna hiyo: walipoweka vichujio vya kuzuia kelele kutoka nje, hali hiyo iliyodhaniwa kuwa metali ikatoweka, ukinzani ukashuka hadi usiweze kupimwa. Mjadala haujafungwa, maana si kila utando uliopimwa umekubali maelezo hayo, lakini tangu hapo mtu anayedai metali ya aina hiyo huulizwa kwanza kuhusu vichujio vyake.

Matumizi ya tando hizi makala iliyataja vizuri, na sina la kusahihisha isipokuwa kuongeza kwamba vihisi vya mwanga vilivyotangazwa mwaka 2001, vinavyotambua fotoni (chembe za mwanga) moja moja, hutengenezwa kwa utando wa nitridi ya niobi wenye unene wa takriban nanomita 5, na hufanya kazi kwa sababu utando huo hupitishiwa mkondo unaokaribia kikomo cha ule unaoweza kupita bila ukinzani, ambapo msukosuko mdogo hutosha kuuondoa katika hali ya supakondakta.

Ombi langu linahusu mchoro uliochapishwa pamoja na makala, wenye mstari mmoja ulioandikwa "metali" unaoshuka kutoka juu hadi kugusa sifuri. Mkiuchapisha tena, tafadhali wekeni mistari minne katika mchoro mmoja: ule wa zebaki unaokatika kwenye kelvini 4.2, ule wa dhahabu nene unaoshuka na kutulia, ule wa utando wa dhahabu na paladi unaopanda kidogo kidogo, na ule wa bismuthi nyembamba unaopanda hadi kutoka nje ya karatasi. Pembeni mwa ile miwili ya mwisho andikeni unene na omu kwa mraba, maana bila namba hizo mtu anayeutazama mchoro hatajua kwa nini mistari hiyo haikwenda pamoja na mingine.

Wako,

Msomaji na mwalimu wa fizikia